Neno na Chombo

"Kushoto sita juu ya mgongo, mia, kulia tatu ndefu, yabana, usikate."

Asiyejua asili ya maneno haya aweza kudhani ni fumbo la mganga, au vipimo vya fundi cherehani aliyechoka. Kwa hakika ni usemi kamili, wenye sarufi yake na adabu zake. Ndiyo lugha ya mbio za magari za masafa, zile ambazo watu wa Kenya wamezizoea kwa jina la Safari Rally, na katika miaka hii imepata makao ya pili. Wako watu waliotapakaa duniani, wengi wao hawajapata kugusa gari la mashindano, ambao kila jioni baada ya kazi huketi mbele ya skrini, usukani umefungwa mezani kwa skurubu, wakaendesha katika njia zilizochorwa na kompyuta. Nao husema lugha hiyo hiyo. Huisema kwa fahari, husahihishana wanapoikosea, na mgeni asiyeielewa hujiona amesimama kizingitini.

Lawama inayotolewa juu ya lugha za namna hii ni ya zamani: kwamba kila kikundi hujijengea ukuta wa maneno ili wa nje wabaki nje. Lawama hiyo haikosi ukweli. Unguja ilikuwa na Kinyume, usemi wa kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mwanzo, na Edward Steere aliiweka mifano yake katika kitabu chake cha Kiswahili cha karne ya 19. Kazi ya Kinyume ni kuficha. Asemaye anajua, asikiaye anajua, aliyekaa katikati yao hajui, na utamu wote umo katika kutojua kwake. Lakini lugha ya mbio haikuzaliwa kwa ajili ya kuficha. Ilizaliwa kwa uhaba wa pumzi. Gari lendalo kilomita 150 kwa saa hukata zaidi ya mita 40 kwa sekunde moja. Mwenye kutaka kusema "mbele yetu kuna kona ya mkono wa kushoto, si kali sana, ila imefichwa na mwinuko" atamaliza sentensi yake na kona iko nyuma, au wote wawili wako mtaroni. Basi neno lilichongwa mpaka likabaki mfupa.

Kila mfupa una kazi yake. Tarakimu hutaja ukali wa kona: katika mtindo uliozoeleka Uingereza, moja ni kona ya kukaribia kusimama, na sita ni kona ya kupita karibu bila ya kuuondoa mguu kwenye mafuta. Mia ni mita za njia iliyonyooka. Mgongo ni mwinuko unaoficha kilicho nyuma yake. "Yabana" ni onyo kwamba kona huanza kwa upole kisha ikajikunja ndani. Kona mnafiki, kwa ufupi. "Usikate" maana yake usipite ndani kabisa ya kona, kwa kuwa pale penye majani yanayokaribisha pamelala jiwe, kisiki au mfereji. Mfasiri akiletewa maneno haya angepata tabu ya aina yake. Hazoei kufanya kazi ambayo kila neno la ziada, hata likiwa ni la ufasaha, humgharimu msikilizaji mita kadhaa za barabara.

Tena wako madereva wanaohesabu kwa upande mwingine: kwao moja ni kona nyepesi na sita ndiyo kali. Tarakimu ni ile ile. Aliyehama kwa hawa akaenda kwa wale bila ya kujifunza upya atakuta ukweli wa jana umekuwa uongo wa leo, na uongo wa kuvunja mifupa. Kwa hiyo neno la fani halibebi ukweli wake peke yake kama jiwe linavyobeba uzito. Ukweli wake umo katika mapatano ya wawili.

Na ni wawili kweli. Anayeketi kando ya dereva, mwelekezi, ana daftari mapajani. Siku chache kabla ya mashindano wote wawili hupita katika njia ile kwa mwendo mdogo, kwa kawaida mara mbili. Katika mara ya kwanza dereva hutamka anachokiona na mwelekezi huandika kwa alama zake. Katika mara ya pili mwelekezi husoma na dereva husikiliza, wakasahihisha: hii si sita, ni tano, hapa ongeza hadhari. Siku ya mashindano mwelekezi huinamisha kichwa na kusoma. Hatazami mbele, au hutazama kwa wizi tu, kupata mahali alipo. Anaihisi njia kwa makalio na kwa shingo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo wasimuliaji wa mbio hizi hulipita haraka. Maneno anayosomewa dereva ni yake mwenyewe. Aliyasema siku ya utulivu, akiwa na nafasi ya kusimamisha gari, kushuka na kulitazama jiwe. Sasa yanarudishwa kwake katika saa ya ghasia, kwa sauti ya mtu mwingine, na anatakiwa kuyaamini kuliko macho yake, maana macho yanaona mgongo wa kilima na mbingu tu. Mtu hujitii mwenyewe kupitia kinywa cha mwenzake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Gari hili lina manahodha wawili na haliendi mrama, kwa sababu wamegawana. Mmoja ana macho, wa pili ana kumbukumbu.

Mfano wa kale ulio maarufu ni wa mwaka 1955, katika Mille Miglia ya Italia, mbio za kama kilomita 1,600 kutoka Brescia mpaka Roma na kurudi Brescia katika barabara za kawaida. Dereva alikuwa Stirling Moss, Mwingereza, katika gari la Mercedes lenye namba 722, ambayo ndiyo saa aliyoondokea: saa moja na dakika 22 asubuhi. Kando yake alikaa Denis Jenkinson, mwandishi wa gazeti la magari, mtu mfupi mwenye ndevu nyingi na miwani. Jenkinson hakuwa mgeni wa kukaa pembeni. Mwaka 1949 alikuwa abiria wa Eric Oliver, bingwa wa dunia wa pikipiki zenye kigari cha ubavuni, mchezo ambao abiria huning'inia nje ili chombo kisipinduke. Kwa ajili ya Mille Miglia aliandika njia nzima katika karatasi moja ndefu, karibu futi 18, akaizungusha ndani ya kisanduku chenye kidirisha, akawa anaivingirisha kwa mkono kila wanaposonga mbele.

Walikuwa wamejaribu kusemezana kwa vifaa vya sauti. Havikufaa, na sababu yake inafaa kufikiriwa: dereva aliyezama kabisa katika kazi yake hakuwa akisikia. Sauti ilifika sikioni ikafia hapo. Basi wakatunga ishara za mkono, kama kumi na tano hivi, na Jenkinson akawa msemaji bubu kwa muda wa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Walishinda, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa. Njiani Jenkinson alitapika ubavuni mwa gari, upepo ukaichukua miwani yake. Alikuwa na nyingine mfukoni. Pale palipokuwa na mwinuko usioonyesha kilicho ng'ambo, aliinua mkono kusema kwamba njia imenyooka, na Moss hakupunguza mwendo. Gari lilipaa. Hapana sentensi ya mwanafalsafa kuhusu imani iliyo fupi kuliko mkono ule, na yule aliyeunyoosha alikuwa juu ya gari lile lile, angani pamoja na aliyemwamini.

Afrika ya Mashariki ina sura yake katika habari hii. Safari ilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita. Ni mashindano yaliyolishinda daftari. Barabara hazikufungwa, ng'ombe, basi na twiga havikuwa vimeandikwa siku ya ukaguzi, na mvua moja ya usiku iliweza kuifuta kurasa kumi za maandishi mazuri. Joginder Singh alipopata ushindi wake wa kwanza mwaka 1965, katika Volvo iliyokwisha kutumika, aliyekaa pembeni yake alikuwa Jaswant, ndugu yake. Miaka ya baadaye timu kubwa zilituma helikopta juu ya gari kumwonya dereva kwa redio juu ya wanyama na magari yaliyo mbele. Sauti ya tatu, basi, ikaingia chomboni bila ya kuwamo chomboni. Yatarejewa hayo.

Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea mwaka 2021 huko Naivasha, na kurejea kwake kumekuja na neno. Vumbi laini kama unga wa ngano, linaloficha shimo na kuzima injini, wanaliita fesh-fesh. Ni neno la Sahara, lililopitia vinywa vya Wafaransa na mbio za jangwani, mpaka likafika Bonde la Ufa, kwenye vumbi ambalo wenyeji wake walikuwa na majina yao tangu hapo. Mashabiki wa kompyuta wamelidaka nalo. Yuko mtu leo katika nchi ya theluji anayelitamka fesh-fesh kwa yakini, ingawa hajapata kulipiga chafya.

Na hapo ndipo swali lenyewe linapochimbuka. Ni nini kinacholifanya neno listahili kuaminiwa?

Kiswahili kimeliita gari chombo cha moto. Ni msamiati wa sheria na wa askari wa barabarani, lakini ndani yake kimelala chombo cha kale, cha tanga na foromali. Katika chombo hicho kulikuwa na mtu wa bildi. Chombo kilipokaribia mwamba au mlango wa bandari, alisimama mbele, akaitupa kamba yenye risasi ya kupimia kina, akapaza sauti: pima nne, pima tatu, pima tatu, pima mbili. Hakueleza. Hakushauri. Nahodha naye hakumwuliza ana hakika gani. Yakini ya neno lake ilitoka mahali pawili: kamba ilikuwa imelowa mkononi mwake, na lau angedanganya, maji yangekuwa ya wote. Mwelekezi wa gari ni mtu wa bildi aliyehamia nchi kavu. Hana haja ya kuapa, kwa kuwa mwili wake ni rehani ya neno lake, umefungwa kwa mikanda kando ya mwili wa anayemsikiliza.

Rehani hiyo si maneno ya mapambo. Tarehe 2 Mei 1986, huko Corsica, Henri Toivonen alitoka njiani katika kona ya kushoto, na Sergio Cresto, aliyekuwa akimsomea, alikufa pamoja naye. Tarehe 18 Septemba 2005, huko Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti kwa upande wa pili. Dereva alitoka mzima, na mwelekezi wake Michael Park akafa. Märtin aliuacha ubingwa wa dunia baada ya hapo. Wanaoirithi lugha hii mbele ya skrini wanairithi kutoka kwa watu hao, na neno "hadhari", ambalo katika daftari huandikwa kwa alama moja ya mshangao, au mbili, au tatu kwa kadiri ya hatari, lina watu nyuma yake.

Mtu aweza kuishia hapo na kuhukumu: neno la kweli ni la aliye chomboni, mengine ni makelele. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na mtu wa pwani ndiye wa kwanza kupaswa kuikataa. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 kutoka Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, alitunga maelekezo ya safari kwa mashairi ya bahari ya rajaz, na hapa neno bahari liachwe na maana zake zote mbili. Mojawapo, Sufaliyya, laeleza njia ya kushuka pwani hii mpaka Sofala. (Kisa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 kimesimuliwa mno, na wataalamu wengi wamekikataa. Rubani alikuwako, jina lake ndilo lenye mgogoro.) Aliyeisoma Sufaliyya miaka hamsini baada ya kutungwa hakuwa na mtunzi wake sitahani. Hata hivyo alikuwa na haki ya kuiamini, kwa kuwa mtunzi alikuwa ameshaulipa ukweli wake: alisafiri kwanza, akatunga baadaye. Vina vilishikilia kumbukumbu, na kumbukumbu ilishikilia miamba. Neno laweza kumwacha mwenyewe nyumbani likasafiri peke yake, mradi liwe lilipata kulowa.

Kwa kipimo hiki, sauti ya ndani ya mchezo si ya kudharauliwa moja kwa moja. Mchezo uliotoka mwaka 1998 kwa jina la Colin McRae ulisomewa na Nicky Grist, mwelekezi wa McRae mwenyewe, mtu aliyeshinda naye Safari mwaka 1997, na akaja kushinda naye tena 1999 na 2002. Richard Burns Rally ya mwaka 2004 ina sauti ya Robert Reid, aliyekuwa kando ya Burns alipotwaa Safari mara mbili, 1998 na 2000, na ubingwa wa dunia 2001. Burns alifariki kwa uvimbe wa ubongo tarehe 25 Novemba 2005, miaka minne kamili tangu siku ya ubingwa huo. Mchezo wake haukufa. Wapenzi wameushikilia kwa zaidi ya miaka ishirini, wakaujengea njia mpya na magari mapya, na katika vyumba vingi visivyohesabika Reid bado anamsomea njia mtu asiyemjua. Sauti hizo zimelowa. Anayezisikia anasikia pumzi ya watu waliokwishapita penye kona za kweli.

Limo neno moja katika usemi huo linalostahili kusimama peke yake: "labda". Mwelekezi husema "ruka, labda", akimaanisha kwamba penye mwinuko ule gari huenda likaacha ardhi na huenda lisiache, kutegemea mwendo litakaokuwa nao. Wachezaji wamelipenda neno hilo hata likawa mzaha wao. Katika gari la kweli "labda" ni uaminifu mtupu: daftari liliandikwa kwa mwendo mdogo, na hapana ajuaye kwa hakika mwendo mkubwa utafanya nini. Ni neno la mtu anayejua mpaka wa ujuzi wake na akawa na ujasiri wa kuusema mahali ambapo kila silabi ina bei. Katika mchezo, je? Kompyuta ndiyo iliyouchonga mwinuko. Inaujua kwa vipimo vyake vyote, na uzito wa gari, na upepo kama upo. Kompyuta haina labda. Inalitamka neno la unyenyekevu bila ya kuwa na jambo la kunyenyekea. Si uongo, maana hakuna anayedanganywa. Ni kama dua iliyochapishwa ukutani kwa urembo: herufi zake sahihi, na hapana aliyeiomba.

Pungufu, hata hivyo, si la msemaji peke yake. Kitabu cha rubani kilikuwa na mtunzi asiyekuwamo, lakini msomaji wake alikuwamo, majini, na kosa lingemzamisha. Mbele ya skrini wote wawili hawamo. Mchezaji akipuuza "usikate" na gari likapinduka, kidole hubonyeza kitufe na njia huanza upya, jiwe limesamehe. Anaweza kulijaribu jiwe hilo mara mia ili ajue ni la ukweli kiasi gani, na wengi hufanya hivyo. Polepole maana ya neno hugeuka. "Usikate" haimaanishi tena "utaumia". Yamaanisha "utapoteza sekunde nne".

Liko tawi jingine la jamii hii, la wale wanaokimbizana gari kwa gari kwa njia ya intaneti, katika programu kama iRacing iliyofunguliwa mwaka 2008, na huko lugha imezaa maneno ambayo gari la kweli halikuyahitaji. Dereva mwenye kasi isiyoelezeka huitwa kiumbe wa sayari nyingine. Sifa hiyo ina wivu ndani yake, kwa kuwa humtoa mwenye sifa katika ubinadamu ili wengine wasijilinganishe naye. Kujitumbukiza ubavuni mwa mwenzako kwa breki ya kuchelewa huitwa kupiga mbizi. Lakini lililo zito ni netikodi. Hizo ni kanuni za programu zinazochukua habari za gari moja na kuzipeleka kwa kompyuta ya mwenzake. Habari husafiri, na kusafiri huchukua muda, hata kama ni sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta hujaza pengo kwa kukisia gari la mbali litakuwa wapi. Hutokea basi kwamba kwenye skrini ya huyu magari yamegusana, na kwenye skrini ya yule palikuwa na nafasi ya mkono mzima kati yao. Kila mmoja ana ushahidi wa macho yake. Kila mmoja anaapa, na hapana mwongo.

Mahakimu wa kale walijua kukabiliana na shahidi mwongo na shahidi mgonjwa wa macho. Hawakupata kuletewa mashahidi wawili wakweli wa barabara mbili zilizoitwa kwa jina moja. Jamii ya wachezaji imelitatua jambo hili kwa njia ya lugha: husema "ilikuwa netikodi", na kesi ikafungwa. Mara nyingi ni kauli ya haki, hata ya upole. Humwezesha mtu kumwambia mwenzake kwamba hukuwa mbaya, chombo kilitusaliti. Lakini neno linaloondoa lawama likishapatikana, halikai kungoja wenye haki nalo. Huja nalo aliyegonga kwa pupa, aliyeona vizuri kabisa, na analitumia kwa lafudhi ile ile. Hapana kamba ya kulowa inayoweza kumbainisha. Hili ni la kuhofiwa kuliko ukuta wa maneno uliolaumiwa pale mwanzo. Ukuta wa maneno humzuia mgeni kuingia, na mgeni aweza kujifunza. Neno la udhuru humzuia mwenyeji kujiona.

Ndiyo maana inastahili kuwatazama kwa heshima wale katika jamii hiyo walioichukua kazi iliyo ngumu na isiyopigiwa makofi. Njia mpya inapotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa Burns, hutengenezwa na wapenzi, na maneno yake huandikwa na wapenzi pia. Mara nyingi huwa yana makosa. Kona iliyoitwa sita ni tano, mgongo umesahauliwa, "usikate" imewekwa mahali ambapo panakatika bila ya madhara, na jiwe lenyewe liko kona ya pili. Yuko anayeketi usiku akaipitia njia hiyo kwa mwendo mdogo, mara mbili kama madereva wa kweli wanavyofanya, akasahihisha. Halipwi. Njia yaweza kuwa na kilomita ishirini, na kila kilomita ina makumi ya maneno. Anasogeza neno "kulia" nyuma kwa mita thelathini, kwa kuwa lilisemwa kwa kuchelewa, na neno la kweli lililochelewa halimfai mwenye usukani.

Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, wakati hapana atakayevunjika hata ukucha, hatatoa jibu la kifalsafa. Atasema maneno yalikuwa si sahihi. Hiyo sita ilikuwa ikimwambia mtu jambo lisilokuwepo. Kwake yeye huo unatosha kuwa ubaya, kama vile mshairi asivyohitaji kumwonyesha mtu aliyejeruhiwa na kina kilichokosewa ndipo akirekebishe. Kisha huwapelekea wengine kazi yake, watu wa miji asiyoijua, akalala. Kesho mmoja wao atafika penye mgongo ule, atasikia tano badala ya sita, na mguu wake utainuka kidogo kwenye mafuta kabla ya macho kuona chochote.